Herufi za Bwana Jefu

Nilipopita ofisini kurudisha funguo, Zawadi, aliyerithi kiti changu bila kurithi baridi yake, alinionyesha kompyuta mpya. Alisema inaandika lugha zote za dunia. Nikamwambia aandike Kikorea. Akabonyeza hapa na pale, yakatokea maumbo yenye mistari na viduara, kila umbo limekaa peke yake kwenye mraba wake. Akanieleza, kwa ule upole ambao vijana wameuweka akiba kwa ajili ya wastaafu na wagonjwa, kwamba ndani ya mashine kila umbo lina namba yake, maelfu kwa maelfu ya namba. Halafu akasema ipo namna nyingine: mashine inatuma vipande vya umbo kimoja kimoja, na upande wa pili unavipokea na kuvijenga upya. Nikamwambia hiyo namna ya pili naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa mashine hiyo.

Alicheka kwa adabu, akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Ndiyo sababu naandika haya. Vyeo vyangu siviandiki, vilikuwa vichache na havikunisumbua. Mshahara nao siutaji, nisije nikaharibu siku ya mtu.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, katika ofisi ndogo ya posta na simu kati ya Soni na Lushoto. Jina la ofisi sitalisema, maana bosi wangu wa kwanza aliacha wajukuu wengi na wote wamerithi hasira zake. Nilitoka Vuga na cheti, sweta la kuazima na maneno ya mama yangu kwamba nisijibizane na wakubwa. Sweta nilirudisha.

Bosi huyo nitamwita Postamasta Kaniki. Barua ya kuniajiri iliandika "P. Hoza", naye akawa amejiandaa kumpokea Paulo au Petro. Alipomwona Perpetua mlangoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sikuwa nimebadilika.

"Chai unajua kupika?" aliniuliza.

"Najua kuinywa, mzee."

Akanionyesha meza ya telegramu, iliyokuwa pembeni kabisa, chini ya dirisha lisilofungika. Vifaa vilikuwa vitatu. Kulikuwa na kigongeo, kidude cha shaba cha kugongea nukta na mistari ya Morse. Kulikuwa na kipokezi, ambacho kililia tik-tik kwa sauti ya mgonjwa, kwa hiyo nyuma yake tuliweka kopo tupu la tumbaku ili sauti ipande. Na chini ya meza kulikuwa na betri za vyupa, zilizonuka mpaka nguo zangu za kanisani zilinuka Morse. Asubuhi za kipupwe ukungu uliingia ndani kama mteja, na ilibidi nipashe vidole kwenye kikombe cha chai kabla havijakubali kufanya kazi. Ninyi vijana mnaosema siku hizi mna msongo wa kazi, mimi nilikuwa na vidole viwili vya barafu.

Waya wetu uliteremka mlima hadi kituo cha chini, bondeni, karibu na reli. Huko ndiko alikokuwa mwalimu wangu, Mzee Singano. Kwa miaka mingi sikuwahi kumwona uso, lakini mkono wake niliufahamu kuliko nilivyofahamu sauti za wajomba zangu. Kila mpiga Morse ana mkono wake. Wa Mzee Singano ulikuwa wa polepole, ulionyooka, na katikati ya sentensi uliweka kituo kidogo, ukajua anavuta tumbaku.

Siku yangu ya kwanza niligonga ujumbe moja kwa moja, kwa fahari, bila kosa. Waya ukanyamaza. Nikagonga tena. Kimya. Baadaye kipokezi kikalia taratibu: "Kwenu hamsalimiani?"

Nikaona aibu, nikagonga "SKM", nikidhani nimefanya ujanja.

"Shikamoo haifupishwi," akajibu. "Anayeifupisha ana haraka ya kwenda wapi?"

Nikaigonga yote, herufi kwa herufi, naye akanijibu "marahaba" herufi kwa herufi, kisha akapokea ujumbe. Ikawa ndiyo sheria. Kila ukifungua waya, salamu kwanza. Waya ukikatika katikati ya ujumbe, na ulikatika sana kwa sababu miti ya miwati ilipenda kuuangukia, basi ni sawa na kutoka nje ya nyumba ya mtu: ukirudi unaanza na hodi na shikamoo upya, hata kama ujumbe wenyewe ni moto umeshika ghala. Kanuni za posta hazikuwa na kitu hicho, lakini kanuni za posta hazikuwahi kunifundisha kazi.

Mzee Singano alikuwa na tabia nyingine: alisahihisha. Ukimgongea "mama mgonwa njo haraka", yeye alipeleka mbele "mama mgonjwa njoo haraka". Salamu zetu alizichuja, makosa yetu akayanyoosha, na watu wa milimani wakawa na sifa huko nje ya kuandika Kiswahili fasaha. Mbunge mmoja alipewa pongezi kwa telegramu ambayo yeye mwenyewe aliileta imeandikwa nusu tu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka walipokuja Wakorea. Hapa niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi. Waingereza walitulazimisha kulima kwa matuta, tukawakataa kwa ngoma na nyimbo mpaka wakachoka. Kisha tukajitawala, vijiji vya Ujamaa vikaanza, ikagundulika kwamba matuta ni kitu kizuri mno, na wataalamu wakaletwa kutoka ng'ambo kuja kutufundisha. Tukawapokea kwa ngoma na nyimbo. Ngoma zilikuwa zilezile.

Wataalamu walikuwa watatu, na aliyekuwa akija ofisini kwetu aliitwa Bwana Han. Alikuwa mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa, mfupi, mkimya, mkono mmoja kiunoni muda wote kwa sababu ya mgongo mbovu. Wenzake walipanda Landrova. Yeye alitembea, akisema Landrova ya mradi inaumiza mgongo kuliko jembe. Kiswahili alisomeshwa kabla ya kuja, na kilikuwa safi kuliko cha Postamasta, ambaye alichanganya Kiswahili, Kishambaa na kukohoa.

"Dada, naomba kutuma telegramu nyumbani, kwa lugha yangu," alisema siku ya kwanza, akaweka karatasi juu ya kaunta.

Postamasta aliitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Kanuni inasema Kiswahili au Kiingereza. Hii ni nini? Ramani ya nyumba?"

"Ni karibu na hivyo, mzee," alisema Bwana Han, bila kejeli yoyote, kitu ambacho ofisi yetu haikukizoea.

Akachukua penseli. Akatuambia kwamba sisi tunaandika herufi zetu kwa mstari, kama watu kwenye foleni ya sukari, lakini wao kila silabi wanaijengea chumba. Herufi ya kwanza inakaa kushoto au juu, irabu inakaa ubavuni au chini yake, na kama silabi inafungwa na konsonanti, hiyo inakaa chini kabisa kama sakafu. Jina lake, Han, ni chumba kimoja chenye watu watatu. Macho yanaona umbo moja, lakini ndani yake herufi ni zilezile, zinaweza kutolewa na kurudishwa. Na kwao pia kuna waya, alisema, na kila herufi ina nukta na mistari yake. Akagonga meza kwa kidole: herufi yake ya kwanza.

"Hiyo ni J," nikasema.

Akagonga ya pili. E. Ya tatu. F.

"JEF," nikasema. "Bwana, wewe kwenye waya unaitwa Jefu."

Akacheka kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo hakuna mtu kati ya Soni na Lushoto aliyemwita Han, isipokuwa mbele ya wageni.

Chumba kisicho na konsonanti mwanzoni hawakijengi, alinieleza. Silabi ikianza kwa irabu, mbele yake wanaweka duara tupu lisilotamkwa, la kushika nafasi tu. Kwetu kwenye waya duara hilo linalia K. Nikamwambia duara hilo tunalo wilayani: linakaa mbele katika kila kikao, halisemi neno, lakini bila hilo kikao hakianzi. Postamasta alikohoa.

Ruhusa ya kutuma herufi hizo iliombwa wilayani. Wilaya ikauliza mkoa. Mkoa ukajibu kwamba hao ni marafiki wa taifa, watume, ila ofisini awepo mtu anayeelewa wanachotuma. Hivyo ndivyo nilivyopelekwa masomoni ng'ambo, yaani ng'ambo ya kaunta. Bwana Jefu alinifundisha siku za mvua ambazo matuta hayakulimika. Kikorea chenyewe sikukijua, na sikijui mpaka leo; nilijua kubomoa vyumba na kuvijenga. Karatasi yake niliivunja ikawa herufi zetu, na majibu yakija yeye mwenyewe alisimama kaunta akiyapandanisha kwa penseli, herufi tatu hapa, mbili pale, mpaka ukurasa ukajaa nyumba.

Telegramu ya kwanza iliomba kifaa cha pampu ya maji. Niliigonga kwa uangalifu. Mzee Singano aliipokea, akaona mwendawazimu gani huyu anaandika konsonanti nne zimefuatana, akaisahihisha. Alitia irabu palipokosekana. Palipofanana na neno, akalimalizia neno. Alifanya kazi nzuri sana, nina hakika. Jibu lililorudi kutoka kwao lilikuwa fupi, na Bwana Jefu alinitafsiria: hakuna hata chumba kimoja kilichosimama.

Postamasta akaandika barua kwa kituo cha chini, na barua hiyo ikamfikia Mzee Singano ikiwa na mihuri: tangu sasa karani apeleke kila herufi kama alivyoisikia, bila kuongeza, bila kupunguza, bila kusahihisha. Mimi pia, kwa ujinga wa kudhani nasaidia, nikamgongea baada ya salamu: "Mzee, tafadhali usiguse hata herufi moja."

Kituo cha tumbaku siku hiyo kilikuwa kirefu.

"Sawa, Binti Hoza," akajibu. "Sitagusa."

Naye hakugusa. Mtu aliyezoea kunyoosha Kiswahili cha wilaya nzima sasa alipeleka makosa yetu yote uchi kama yalivyozaliwa. Mbunge akaacha kupongezwa. Postamasta alipolalamika, Mzee Singano alimnukuu barua yake mwenyewe, na mihuri akaitaja.

Turudi kwa Bwana Jefu. Njiani kila siku alikutana na watoto wa shule, nao, kama tulivyolelewa wote huku, walisimama kando na kusema shikamoo. Kitabu chake kilimfundisha neno hilo lakini hakikumfundisha zamu, kwa hiyo alikuwa akiwajibu watoto wa darasa la pili "shikamoo" na wao wakakimbia wakicheka mpaka kwenye mahindi. Nikamwonea huruma.

"Wewe ndiye mkubwa," nikamwambia. "Unajibu marahaba. Shikamoo unampa aliyekuzidi."

"Maana yake nini hasa?"

"Wazee wanasema ni kushika miguu. Mdogo yuko miguuni kwa mkubwa. Na mkubwa asipojibu, mdogo anabaki hapohapo, hawezi kuendelea na safari yake."

Aliitazama miguu yake mwenyewe, mkono kiunoni. Kisha akaniambia jambo ambalo sikumwuliza. Kwao, mtoto anayeanza safari ndefu hupiga magoti mbele ya baba yake na kuweka paji la uso sakafuni. Yeye hakufanya. Baba yake alikuwa mkulima wa milimani kama sisi, na alipoambiwa kwamba mwanawe mkubwa anakwenda Afrika, alisema: unakwenda kuwalimia wageni miteremko yao, na mteremko wa baba yako unaota magugu. Wakagombana. Asubuhi ya safari mzee alikaa chumbani ameangalia ukuta, na mwana akapita mlangoni bila kuinama. Tangu hapo alikuwa akiandika barua, na mzee hajajibu hata moja.

"Ya mwisho nimemwandikia habari ya shikamoo," alisema. "Ukurasa mzima. Nimemweleza na marahaba. Nilidhani atapenda kujua kwamba huku watoto wana adabu."

"Na msamaha umeomba?"

Akanitazama kama nimemwuliza kanuni ya posta. "Nimemweleza pia habari za viazi," alisema.

Wanaume, nawaambieni, mabara yote ni walewale.

Mvua za vuli zilipoanza ilifika barua ya dada yake. Baba alikuwa mgonjwa, na waganga wa huko hawakutegemea aone msimu mwingine wa kupanda. Bwana Jefu aliomba ruhusa ya kwenda. Akajibiwa kwamba mkataba haujaisha na matuta hayajakaguliwa. Barua ingechukua muda ambao mzee hakuwa nao. Kilichobaki ni waya, na mwisho wa waya upande huu nilikuwa mimi.

Alikuja na karatasi yenye vyumba vingi. Niliibomoa, nikamwuliza amesema nini.

"Nimesema mvua ni nzuri, matuta yameshika, mimi ni mzima, asiache kula."

"Hiyo tu? Bwana Jefu, baba yako anakufa unampa taarifa ya hali ya hewa?"

"Dada," alisema, "hayo mengine sijui yanaandikwaje. Kwetu hayaandikwi. Yanafanywa kwa magoti."

Nikaandika "haraka" juu ya fomu, nikafungua waya, nikampa Mzee Singano shikamoo yake, nikaanza. Nilifika kama katikati kipokezi kikafa. Mwati ulikuwa umeangukia waya chini ya Soni. Mafundi walikwenda kesho yake, wakala chakula cha mchana kwanza, na alasiri waya ukafufuka. Nikabisha hodi kama nilivyofundishwa: "shikamoo". Nikajibiwa: "marahaba". Nikaendelea nilipoishia mpaka mwisho, kisha nikamwomba anirudishie nilinganishe.

Akanirudishia kwa ule mkono wake ulionyooka. Herufi zilipita sawasawa, moja baada ya nyingine, na pale katikati, kati ya chumba cha mvua na chumba cha matuta, nikaisikia shikamoo yangu, nzima, haikufupishwa. Na baada yake marahaba yake.

"Mzee, hizo si za ujumbe!" nikagonga. "Hizo ni salamu zetu!"

"Niliagizwa nisipunguze," akajibu.

"Dar es Salaam wameshapewa wapeleke ng'ambo?"

"Kabla ya kukurudishia. Uliandika haraka."

Nilivua sweta, nikalivaa tena. Sijui kwa nini. Kisha nikamtuma mtu amwite Bwana Jefu, na alipofika nikamweleza yote, kwa sababu ni haki ya mtumaji kujua. Alichukua penseli akaanza kuzijenga zile herufi nyuma ya fomu, kama atakavyofanya karani wa kwao. S, H na I kwa hesabu yao ni irabu tatu mfululizo bila duara mbele, hazijengi kitu. Marahaba ilianza vizuri, M na A zikasimamisha chumba kimoja, kisha zikafuata irabu nne na kila kitu kikaporomoka. Aliweka penseli chini.

"Atadhani namdhihaki," alisema. "Niliondoka sijainama. Sasa yuko kitandani, namtumia takataka."

Nilikwenda kwa Postamasta kuomba tutume masahihisho. Akatoa fomu, akaisoma kana kwamba hajawahi kuiona.

"Hapa pana nafasi mbili. Kosa la mtumaji, au kosa la ofisi. Mtumaji amekosea?"

"Hapana, mzee."

Akatazama ukutani, akatazama dari, akatazama kabati la stempu. "Ofisi nayo haijakosea. Basi hakuna kosa, Binti Hoza. Rudi kazini."

Nikarudi kaunta nikamwambia Bwana Jefu kwamba nitamtumia telegramu ya pili kama ujumbe mpya, kanuni itake isitake. Wateja wawili walinunua stempu na kuondoka.

"Ya pili itasema nini?" aliuliza mwishowe. "Kwamba ile salamu haikuwa yangu?"

Akakataa. Akaiacha ilivyokwenda.

Siku zilizofuata alikuja kila alasiri baada ya kazi, akasimama karibu na kabati la stempu, hakuuliza kitu. Sikuthubutu kumtania. Hata Postamasta, ambaye huruma ilimpitia kwa nadra na ilimkera ikimpitia, alimwekea kiti. Bwana Jefu hakukikalia, kwa ajili ya mgongo.

Alasiri moja waya ukaita. Mkono wa Mzee Singano. Nikatuma shikamoo.

"Marahaba," akajibu. Kisha: "Telegramu kutoka ng'ambo. Kwa Han, mradi wa matuta."

Nikainua kidole, Bwana Jefu akaja kwenye kaunta na penseli yake. Nikaweka kalamu tayari kwa herufi zake za fujo.

Kipokezi kikalia: "Marahaba."

"Nimeshaipokea salamu, mzee," nikagonga. "Nipe ujumbe."

Kituo cha tumbaku.

"Ndio ujumbe."

"Rudia."

Akarudia, polepole kuliko nilivyowahi kumsikia, herufi moja moja, kana kwamba anambebea mtu kitu kinachomwagika: M, A, R, A, H, A, B, A. "Hakuna kingine," akasema. "Sijapunguza."

Nikaandika kwenye fomu neno hilo moja, nikamsukumia. Bwana Jefu alishika penseli ajenge, akaona hakuna cha kujenga. Alilisoma. Akalisoma tena. Kisha akatuuliza nyumbani kwao, Korea, ni upande gani kutoka pale.

Ofisi nzima ilianza kubishana. Mteja mmoja alisema Mlalo. Postamasta, ambaye wageni wote maisha yake yote alikuwa akiwaelekeza kwenye genge la Irente, alinyoosha mkono kuelekea Irente kwa uhakika mkubwa. Bwana Jefu akavua viatu, akapiga magoti kwenye saruji yetu yenye vumbi, akaweka viganja chini, akaweka paji la uso kati ya viganja. Irente iko magharibi. Baba yake alikuwa mashariki kabisa, na aliyejua alinyamaza.

Alikaa pale chini mpaka tukaanza kutazamana. Nilipomwinamia nikaona kwamba analia, na kwamba zaidi ya kulia, mgongo umemkamata hawezi kuinuka. Mimi na Postamasta tukamshika huku na huku, tukamwinua. Nami nililia, na sikuona sababu ya kujificha. Postamasta alisema ni moshi.

Nilimweleza Mzee Singano kwenye waya yote yaliyotokea. Nikasubiri aseme kwamba aliagizwa asipunguze. Hakusema. Tangu siku hiyo, barua ya Postamasta ikiwa bado na nguvu zake zote na mihuri, alianza tena kunyoosha Kiswahili chetu.

Barua ya dada yake Bwana Jefu ilifika viazi vilipokuwa vinachimbwa. Aliifungulia pale kaunta, akanitafsiria akisimama wima, mkono kiunoni. Walikuwa wameshamzika mzee. Dada yake aliandika jinsi telegramu ilivyofika: karani wa kwao alijenga vyumba vyote mpaka akafika mahali pasipojengeka, akaziacha herufi hizi za kwetu zimelala kama zilivyokuja, akaandika pembeni kwamba anaomba radhi. Dada, ambaye ni mwalimu wa shule, akazisoma kwa sauti. Mzee akamwambia arudie. Kisha akamtuma sandukuni akalete barua za kaka yake, zile ambazo hazikujibiwa. Zote zilikuwa zimefunguliwa, na ile ya shikamoo ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Akasomewa tena ukurasa ule.

"Amevuka bahari nzima," mzee alisema, "kwenda kujifunza adabu iliyokuwa hapa nyumbani bure."

Akageukia ukuta. Dada yake akadhani mambo yameishia hapo, akaanza kukunja barua. Ndipo mzee alipogeuka tena.

"Mnangoja nini? Mjibuni upesi," alisema. "Mtoto yule ana mgongo mbovu, asikae ameinama muda wote huo."